Engozi Haibebwi na Wasichana

Jumanne, 10 Machi 1992

Mazoezi tena. Wamekuja kumi na wanne. Wawili wamezuiwa kwao, maharage yanapaliliwa. Uwanja unateleza upande wa bondeni. Adelina ameanguka mara mbili na kucheka mara mbili. Nimemkaripia. Beki anayecheka akianguka atacheka akifungwa.

Mwanaidi, kipa wangu, yuko kwenye mfungo. Ni binti wa Mzee Salum mwenye duka, ambaye babu yake alitoka Pangani. Midomo imemkauka lakini anaruka. Nilimwambia apumzike, akasema, "Kufunga si kuugua, Mwalimu."

Jumamosi tunakwenda Nyakatuntu. Mwalimu mkuu bado ananuna, anasema wasichana hawachezi mpira wa miguu. Nguzo za netiboli zililiwa na mchwa, ameahidi nyingine na bado anaahidi. Mpira uliopo ni wa miguu. Asiyetaka alete nguzo.

Paskazia ni mwingine kabisa. Darasa la sita, mwembamba, mguu wa kushoto. Akiupata mpira najisahau, nasimama na firimbi mdomoni bila kuipuliza. Jioni mama yake, Veneranda, alipita na kuni kichwani, akasimama kumtazama bintiye. Alicheka peke yake. Mimba imekuwa kubwa na miguu imevimba. Sipendi ninavyoiona. Paskazia alizaliwa kwa kupasuliwa. Wa pili alifia tumboni. Wa tatu, ambaye sasa ana miaka minne, alizaliwa hospitali, na mama na mtoto walipona kwa sababu engozi iliwahi. Nesi wa zahanati amesema wazi: na huyu asizaliwe nyumbani.

Hatuna gari la wagonjwa huku. Tuna engozi, kitanda cha kusuka kilichofungwa kwenye miti miwili. Wanaume wa kijiji hubeba mgonjwa kwa zamu mpaka hospitali ya misheni, ng'ambo ya mlima. Kila nyumba ni mwanachama. Asiye mwanachama amuombe Mungu asiugue.


Alhamisi, 12 Machi

Mzee Karoli amefariki asubuhi. Alikuwa mzee sana. Hatazikwa mpaka Jumapili, wanamsubiri mwanawe kutoka Mwanza. Majembe yamewekwa chini kijiji kizima. Hakuna kulima, hakuna kutwanga, hakuna ngoma wala michezo mpaka azikwe.

Na Jumamosi ndiyo mechi.

Nimewaza mchana kutwa. Kwetu Kimuli, nilikozaliwa, mwiko huu unafunga ardhi. Ukivuka mto uko kwenye ardhi ya wengine, ukitaka lima, ukitaka cheza. Nyakatuntu ni ng'ambo ya mto. Basi tutakwenda. Tutaondoka alfajiri kimyakimya, tutacheza, tutarudi kimyakimya.

Sikumwuliza mtu. Nikiuliza nitakatazwa.


Jumamosi, 14 Machi

Tumeshinda! Tatu kwa moja. Wenzetu walikuwa na jezi, sisi tulikuwa na sketi za shule na miguu peku. Paskazia amefunga mawili. La pili alimpita beki, akampita beki yule yule aliyerudi kumfuata, akampita na kipa, kisha akausukuma mpira taratibu golini, bila hasira. Wanaume wa Nyakatuntu walishika vichwa. Mwanaidi ameokoa penalti bila hata tone la maji tangu alfajiri. Nilitaka kulia.

Niliwaambia hakuna kuimba mpaka tufike shuleni. Wakatii kupanda mlima wote. Tulipofika juu, kijiji chote kikaonekana bondeni, na sijui nini kilinipata. Nikapiga kigelegele. Ni mimi. Si mtoto. Wakanipokea wote kumi na wanne na nyimbo zikaanza, na tukashuka hivyo mpaka kwenye migomba ya kwanza.

Hapo ndipo nikaona watu wamekaa mbele ya nyumba ya Mzee Karoli, wote wamegeuka kututazama.


Jumapili, 15 Machi

Mazishi. Nilikaa na wanawake kwenye nyasi. Hakuna aliyeniitikia salamu vizuri. Bibi mmoja alinijibu "marahaba" akitazama kwingine.

Nimeambiwa sasa, baada ya kuharibu. Hapa mwiko haufungi ardhi. Unamfuata mtu. Hata ungekwenda Bukoba, matanga ya kijiji chako unayo mabegani. Ningejuaje? Ningeuliza. Jibu ndilo hilo na linaniuma.


Jumatano, 18 Machi

Baraza la engozi. Mwenyekiti ni Mzee Byarugaba, baba yake Adelina. Si mtu mbaya. Ndiyo maana inakuwa vigumu.

Nilisimama nikasema kosa ni langu. Nilipanga mimi, nilipiga kigelegele mimi, nitozwe mimi. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe huna mgomba hapa. Nyumba unayolala ni ya serikali. Tutakutoza nini, chaki?" Watu wakacheka, na kicheko hakikuwa kizuri.

Faini inakwenda kwa nyumba za watoto. Kila nyumba mtungi wa rubisi, pombe iliyotokana na ndizi za shamba lake mwenyewe. Si za kununua, si za kupewa. Aliyekosa anywe uchungu wa shamba lake, ndivyo wanavyosema. Nyumba ambayo haijalipa, engozi haitaibeba. Na atakayeibebea nyumba iliyofungiwa, naye amejifungia.

Mzee Byarugaba alikuwa wa kwanza kusema atalipa. Alimtazama Adelina. Mtoto akainamisha kichwa.


Jumapili, 22 Machi

Nyumba karibu zote zina rubisi mitunguni tayari kwa kulipa. Hata Mzee Salum, asiyeinywa wala kuigusa, ana migomba nyuma ya duka, na jirani amemkamulia. Amelipa huku akitema mate.

Imebaki moja. Gaspari, baba yake Paskazia.

Gaspari alikuja kutoka Rwanda akiwa kijana, akalima kahawa ya watu miaka mingi. Shamba lake mwenyewe amelipata mwaka jana, na migomba aliipanda juzijuzi. Leo nimekwenda kuiona. Mikungu ndiyo kwanza inachomoza, vidole vyake havijazidi dole gumba langu. Haitakomaa kabla ya Juni. Mtoto anatarajiwa mwanzoni mwa Mei.

Nilipiga hesabu hiyo palepale shambani.

Gaspari hakunilaumu. Alisema tu, "Migomba haina haraka, Mwalimu." Ningefurahi angenitukana.


Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Byarugaba. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu. Nikaomba Gaspari apewe muda, engozi imbebe mkewe sasa, alipe Juni. Akasema nyumba mbili huko nyuma zilifungiwa kwa makosa mengine, zikasubiri ndizi zao. Akimlegezea huyu, wale watasemaje? Nikasema wale hawakuwa na mjamzito aliyepasuliwa. Akasema sheria haina tumbo.

Nikasema basi nitanunua ndizi mimi, nitakamua usiku, nani atajua? Akasimama. "Umetufundishia watoto kuvunja matanga. Sasa unanifundisha mimi kudanganya?"

Nilitoka nimeshiba aibu. Njiani nikajiuliza kama ingekuwa nyumba ya mzawa ingekuwaje. Sijui. Nafikiri najua.


Alhamisi, 2 Aprili

Mwalimu mkuu amechukua mpira, ameufungia ofisini. Wazazi wamelalamika, anasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alinikumbusha, na akaonekana kufurahi kuwa yeye ndiye mkuu.

Wasichana walikuja uwanjani hivyohivyo. Tulikimbia tu, kuzunguka na kupanda mlima na kushuka. Hawakuuliza tunakimbilia nini. Paskazia alikimbia mwisho kabisa. Hasemi na wenzake. Anajua nyumba yao ndiyo pekee iliyobaki nje.


Alhamisi, 9 Aprili

Nina mpango. Veneranda aende mapema, akae karibu na hospitali mpaka siku yake. Mzee Salum amekubali kumpeleka kwa pikapu. Pikapu si engozi, haina baraza. Ila ameomba iwe baada ya Pasaka, Jumamosi tarehe 25. Kwanza anakwenda Bukoba kuchukua mzigo na kubadilisha springi.

Veneranda alisitasita. Nani atapika? Nani atavuna maharage? Mtoto mdogo atalala na nani? Paskazia akasema, "Mimi nipo." Hapo mama yake akakubali.

Leo nitalala.


Jumapili, 19 Aprili. Pasaka

Kanisani Veneranda alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Nafasi mbili zimeachwa wazi kila upande wake. Nilihama kutoka mbele nikakaa naye. Jasho lilikuwa linamtoka usoni na mikono ilikuwa ya baridi. Nilimuuliza. Akasema ni joto. Hakukuwa na joto. Mvua ilikuwa inanyesha.


Alhamisi, 23 Aprili

Niandike tu.

Paskazia aligonga kwangu kabla jua halijatoka. Uchungu umeanza tangu jana, walidhani utapita. Damu. Mzee Salum hajarudi kutoka Bukoba.

Nilikimbia kwa Mzee Byarugaba. Alitoka na blanketi begani. Nikapiga magoti kwenye tope. Akasema, "Simama, Mwalimu, usinifanyie hivyo." Nilidhani amekubali. Akasema ataita baraza. Baraza! Nikasema huyu mama atakufa mkiwa mnaulizana nani afungue kikao. Akaingia ndani. Sijui alikuwa anatafuta viatu au anajificha.

Nilipofika kwa Gaspari, Adelina alikuwa amefika kabla yangu. Alikuja na engozi. Aliishusha mwenyewe darini jikoni kwao, akaiburuta kupitia migombani. Nyuma yake walikuwa Mwanaidi na wengine. Walikuwa tisa. Sikuwaita. Paskazia aliwapitia mlango kwa mlango kabla hajaja kwangu.

Mwanamke hashiki mti wa engozi. Hilo hata kwetu Kimuli ni mwiko. Inasemekana mgonjwa hafiki. Gaspari alisimama anatazama mikono ya watoto kwenye miti ile. Kisha akashika mbele, kulia. Nikashika mbele, kushoto. Tukanyanyua.

Mvua haikukatika. Wanne chini ya miti, wengine pembeni, tukibadilishana kila pumzi ikikatika. Ilibidi warefu na wafupi wasichanganywe, engozi isije ikalala upande. Nilijikuta nawapanga kwa sauti ileile ya uwanjani. Wewe ingia, wewe toka, Mwanaidi bega la kushoto. Walitii bila neno. Veneranda alikuwa anasema jina la Mungu kwa Kinyarwanda, polepole, bila kuacha.

Watu walitoka kwenye migomba kututazama. Wanaume. Mmoja tunayesoma naye masomo kanisani kwa zamu alikaa chini akaangalia miguu yake. Kijana mmoja alishuka kutaka kushika, kaka yake akamvuta shati mpaka likachanika. Sitawasahau. Hata mmoja.

Mtoni magogo yalikuwa yanateleza. Tuliingia majini. Adelina maji yalimfika kifuani, akainua mti juu ya kichwa chake, na alilia kwa sauti muda wote wa kuvuka, lakini hakuuachia.

Kijiji cha ng'ambo wanaume waliweka majembe chini walipotuona. Hawakuuliza mambo ya faini. Walitupokea mabegani na kuanza kupanda mlima karibu kwa kukimbia. Mmoja wao aligeuka akauliza, "Wanaume wa kwenu wamekufa?"

Gaspari akajibu, "Wazima."

Tulifika mchana umekwisha pinda. Walimwingiza ndani papo hapo. Mtoto ametolewa hai, wa kiume. Veneranda alitokwa na damu nyingi. Daktari alikuja mwenyewe kutuambia. Alisema angewahi asubuhi pengine angepona. Alilisema kwa upole. Nilimchukia kwa upole ule.

Paskazia alikuwa amekaa sakafuni na miguu imejaa tope. Hakulia. Aliuliza kama anaweza kumwosha mama yake.


Ijumaa, 24 Aprili

Mabega ya watoto yamechubuka. Nimewapaka mafuta mmoja mmoja. Adelina amepigwa na baba yake. Alama ziko miguuni. Hakutaka nizione.


Jumamosi, 25 Aprili

Pikapu ya Mzee Salum imefika. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumpeleka Veneranda. Imekwenda na kumrudisha.


Jumapili, 26 Aprili

Wamekuja wote.

Naandika tena kwa sababu siamini. Wote. Majembe yamelala kijiji kizima tangu juzi. Hakuna aliyetwanga. Wanaume walichimba kaburi tangu alfajiri, na aliyeingia shimoni kwanza ni Mzee Byarugaba. Wanawake walileta ndizi, maharage, kuni na maji. Nyumba ya Gaspari haijawahi kujaa hivyo.

Mzee alipopewa nafasi ya kusema, alisema engozi ina sheria zake lakini kaburi halina sheria, msiba ni wa kila mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Palikuwa na wanaume waliokuwa wanalia. Machozi ya kweli. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nilisimama. Nikauliza, "Alhamisi mlikuwa wapi?"

Mwanamke mmoja alinivuta khanga. Nikaitoa mkononi mwake. Nikauliza tena. Nikaanza kuwataja majina, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio tuliowapita njiani.

Ni Gaspari aliyeninyamazisha. Hakupaza sauti. "Mwalimu, kaa chini. Hawa ndio wa kunizika na mimi."

Nikakaa.


Jumatatu, 11 Mei

Sasa nasikia yanayosemwa kisimani na dukani. Kwamba Veneranda aliuawa na mikono ya wasichana. Engozi haibebwi na wasichana, na waliobeba ni watoto wa damu mbichi, tena wamevuka nayo maji. Angeachwa asubiri baraza, baraza lingekubali, angefika salama. Kuna hata anayesema aliuona mwisho wake tangu siku ya kigelegele.

Mwanzoni nilicheka. Kisha nikaona jinsi watu walivyoshika neno hilo kwa mikono miwili, na nikaelewa kwamba wanalihitaji.

Mama zao wamewakataza. Jana uwanjani walikuja watatu. Leo amekuja Mwanaidi peke yake, akasimama golini bila mpira, akaniuliza anaweza kwenda nyumbani. Nilimruhusu.

Nimeandika barua ya kuomba uhamisho. Nimeichana. Nikihama, atabaki nani wa kusema ilivyokuwa?


Jumamosi, 20 Juni

Migomba ya Gaspari imekomaa. Amekata mikungu, ameivundika, amekamua, na leo ameubeba mtungi kichwani mwenyewe mpaka kwa Mzee Byarugaba. Nilikuwa napita. Nilisimama nyuma ya ua kama mwizi.

Wazee walionja. Mmoja alisema ni rubisi nzuri. Mzee Byarugaba alimpa mkono, akatangaza kwamba nyumba ya Gaspari imefunguliwa, na kuanzia leo engozi itaibeba. Gaspari alishukuru. Alishukuru vizuri, kwa maneno yote yanayotakiwa, kichwa kimeinama.

Nilitaka kuingia niupige teke ule mtungi. Ningeweza. Mguu ninao. Lakini ana watoto watatu na mmoja ana miezi miwili, na watoto huugua. Nilirudi nyumbani nikalala mchana bila kuvua viatu.


Jumapili, 5 Julai

Nimekwenda kwa Gaspari baada ya kanisa. Nilikuwa nimepanga maneno. Kwamba Paskazia arudi shule, darasa la sita halijaisha, nitamfundisha jioni alikoachia, na mtoto anaweza kuja naye, mimi nitasimama na mwalimu mkuu. Njia nzima niliyarudia.

Nilimkuta Paskazia uani anamwogesha mdogo wake kwenye beseni. Baba amempa jina Hakizimana. Mtoto mzito, ana mashavu. Jirani aliyejifungua humnyonyesha asubuhi, mchana kutwa ni maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Paskazia alimshika shingo kwa mkono mmoja bila kutazama, akamgeuza, akamsugua mgongo. Amekua. Mikono yake imekuwa ya mtu mzima.

Aliniamkia, akaniletea kigoda. Tukakaa. Hakuniuliza habari za shule na mimi nikashindwa kuanza. Alimkausha mtoto, akampaka mafuta, akamvika.

Halafu, akiwa anafunga vifungo, akauliza: "Mwalimu, ni kweli ni sisi tuliomuua?"

Nilisema hapana. Nilisema bila nyinyi asingefika kabisa, na huyu asingekuwepo. Nilisema ni kosa langu na ni kosa la wale wazee, si lenu hata kidogo. Nilisema mengi. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama darasani, na nikaona kwamba haamini. Wanaosema ndiyo wako wengi, na wanasema kila siku. Mimi nimekuja Jumapili moja.

Kisha akaniwekea mtoto mapajani, akachukua dumu, akasema anakwenda kuchota maji, hatakawia.

Alikawia sana. Sikumfuata. Kule mtoni mtu anaweza kukaa peke yake, na sijui tangu Aprili amekaa peke yake mara ngapi. Mtoto alinitazama kidogo, akashika kidole changu, akalala. Alikuwa na joto zuri na pumzi nzito. Miguu ilinifa ganzi lakini sikujigeuza, nisimwamshe.